Rangi ya Maji ya Kunde

Kwa kanuni za sarufi, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi ndivyo vinavyokubali viambishi vya ngeli kama vivumishi halisi. Tunasema mtu mweupe, kikombe cheupe, gari jeupe, kuta nyeupe, na hata mahali peupe. Jaribu, msomaji, kulifanyia hivyo neno zambarau, uone kama ulimi hautagoma. Maneno mengine yote yameingia katika ukoo wa rangi kwa mlango wa nomino, na ndiyo maana huhitaji kushikwa mkono na -a unganifu: shati la kijivu, kitenge cha kijani, mwavuli wa samawati. Hata tanakali za sauti zinaujua mpaka huo. Kitu huwa cheupe pe, cheusi ti, chekundu ndu. Sijapata kumsikia Mswahili yeyote, wa pwani wala wa bara, akitafuta mlio wa kukolezea manjano.

Mwaka 1969 wasomi wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kilicholinganisha majina ya rangi katika lugha 98. Walidai kwamba lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi, basi majina hayo huwa ya weupe, weusi na wekundu. Wamepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, na mimi si wa kuamua kesi hiyo. Ila utatu huo nimewahi kuukuta mahali pasipo na kitabu. Nilipokuwa nafundisha Iringa tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Igeleke, pembeni ya mji, kutazama michoro ya kale iliyo juu ya mwamba. Watu na wanyama wamechorwa kwa wekundu, wekundu wa udongo wenye chuma. Kule Kondoa nako, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna michoro myekundu ya wawindaji, na kuna mingine iliyokuja baadaye ambayo mingi yake ni myeupe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona wazee hao hawakuchora nyasi wala anga. Nilimwambia atazame chini ya miguu yake: udongo mwekundu upo, udongo mweupe haukosi, mkaa mweusi unabaki kila palipowashwa moto. Kijani hakichimbwi pale.

Hayo niliyafundisha kwa miaka 36 kama mambo ya sarufi na historia. Nilistaafu, nikarudi Mbeya, na nilipotimiza miaka 61 nikashika burashi. Hapo ndipo yalipoanza kunihusu mimi mwenyewe.

Nilikuwa na sababu. Marehemu mume wangu aliacha picha moja tu inayoonyesha uso wake wote vizuri. Tulipigwa studio mjini Iringa mwaka 1984, muda mfupi baada ya mimi kumaliza Chuo cha Ualimu Kleruu, nayo ni picha nyeusi na nyeupe. Wajukuu zangu watano hawakumwona. Nilitaka wamwone kwa rangi, na sikutaka kumpelekea mtu wa kompyuta amtie rangi anayoitaka yeye.

Mwalimu wangu ni kijana wa Mwanjelwa, fundi wa kuandika mabango. Huandika majina ya saluni, huchora kuku na chipsi kwenye kuta za vibanda, na hupamba migongo ya daladala. Nilimwendea kibandani, akanipa shikamoo, nikamweleza haja yangu. Tulipatana bila fedha: yeye anifundishe rangi, nami nimsahihishie maandishi kabla hayajakauka. Katika wiki ya kwanza tu nilimrudishia herufi h kwenye "huduma" mara tatu. Ni kijana msikivu. Huchovya burashi, hupachika h yake, kisha huniambia, "Asante, Mwalimu. Sasa zamu yako."

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida kabisa: vipande vya hadibodi, burashi nne, sahani kuukuu ya bati ya kuchanganyia, na makopo matano ya rangi ya mafuta, yaani nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Mtu aliyesomea sanaa atacheka kwamba hizo ni rangi za milango. Na acheke. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa amepitia chuo chochote cha sanaa. Alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ile ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amefanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne tu, na jina lake likawa nomino ya kawaida: leo tunasema "picha ya tingatinga" kwa herufi ndogo, kama tusemavyo zambarau bila kufikiria tunda.

Siku ya pili fundi alilichukua kopo la rangi nyeusi, akalisukuma chini ya meza. "Hili nakaa nalo mimi, Mwalimu." Nikamuuliza nitachoraje vivuli. Akanitoa nje. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, na mbele yetu palikuwa na ukuta wa matofali ya kuchoma ambao nusu yake ilikuwa juani. Akaniambia nitazame kivuli bila kusema kitu, nihesabu hadi mia moja. Nilihesabu hadi mia mbili. Pole pole kile kilichokuwa "kivuli" tu kikaanza kuachana na jina lake. Sehemu ya juu ilikuwa na kahawia nzito, na chini, karibu na ardhi, palikuwa na zambarau. Nimelifikiria jambo hilo baadaye: mahali pasipofikiwa na jua hufikiwa na mwanga wa anga, na mwanga wa anga una usamawati. Ukiangukia tofali jekundu, viwili hivyo hukutana. Fundi halielezi hivyo. Yeye husema tu kwamba rangi nyeusi huua, na kwamba kivuli ni kitu kilicho hai.

Lugha yake ya kazi inanivutia kuliko hata rangi zenyewe. Rangi kwake "huiva", "hulala", "hupiga kelele", "huchoka". Nilipochanganya buluu na njano nikapata kijani, akaniambia hicho kinapiga kelele, tukinyamazishe. Akachukua ncha ya kijiti, akaigusisha kwenye nyekundu, akaichanganya. Kijani kile kikashuka sauti, kikawa kijani cha jani la mgomba kivulini. Nyekundu zaidi kidogo, ikawa mikaratusi. Njano na tone la nyeupe, ikawa chai changa ya Tukuyu baada ya mvua. Kwa makopo yale yale tulizunguka kutoka Rungwe hadi misindano ya Sao Hill kule Mufindi bila kununua nauli.

Tangu siku ile ninaweka daftari. Upande mmoja wa ukurasa nabandika kipande cha karatasi chenye rangi niliyoichanganya, na upande wa pili naandika jina lake. "Kijani" halitoshi hata kidogo. Lilipaswa kuwa jina la ukoo, si la mtu. Nina kijani cha ganda la parachichi na kijani cha nyama yake karibu na ganda, ambavyo ni viwili tofauti kabisa. Nina njano ya alizeti na njano ya mahindi ya kuchoma. Na hapa naomba washairi wenzangu waniwie radhi, lakini niseme. Tunaandika "anga samawati" na "majani kijani" kana kwamba tunajaza fomu. Mara nyingine neno limeitwa ili kuokoa kina cha -ti, anga lenyewe halijatazamwa. Samawati ni mbingu kwa asili yake ya Kiarabu, kwa hiyo anayeandika "mbingu za samawati" amesema mbingu za mbingu, nasi tunampigia makofi kwa mizani kutimia. Ukiniuliza, afadhali mtu wa sokoni anayesema kitambaa ni "damu ya mzee". Huyo ametazama damu, tena ameona kwamba ya mzee si ya kijana.

Ndiyo nguvu ya zile rangi zisizo vivumishi. Kwa miaka mingi nimesikia wasomi wakiuhesabu kama upungufu huu mtindo wetu wa kuazima majina ya vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kijivu kimetoka jikoni, kahawia imetoka kwenye buni. Neno "rangi" lenyewe ni la kuazima, limetufikia kutoka Kiajemi na Kihindi. Mimi naona kwamba kila jina la aina hiyo ni agizo. Linakutuma uende ukatazame kitu. Fundi wangu hafundishi kitu kingine.

Sasa nije kwenye buluu, kwani ndiyo iliyonipa kazi kubwa.

Nina mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwaka jana. Lenzi iliyokuwa na ukungu ikatolewa, ikawekwa ya bandia. La kulia bado. Walipofungua bendeji jambo la kwanza nililoliona ni koti la muuguzi. Lilikuwa jeupe, lakini weupe wenye baridi, unaoelekea buluu, kama maji ya alfajiri. Nikafumba jicho la kushoto nikamtazama kwa la kulia: koti likawa la rangi ya samli. Lenzi ya jicho, inapozeeka na kupata mtoto wa jicho, hugeuka kimanjano, na umanjano huo huzuia mwanga wa buluu na urujuani usipite. Kwa kuwa mabadiliko huja taratibu, mtu hajui. Mchoraji Mfaransa Claude Monet yalimpata hayo hayo. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, naye akaingia katika taabu ya kuwa na macho mawili yasiyokubaliana.

Wale tuliosoma shule za bweni enzi zetu tunaijua elimu hii kwa njia ya ndoo. Mashati meupe yakishafuliwa mara nyingi huingia umanjano. Tulikuwa tunayatia buluu: unga kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, shati likatoka jeupe pe. Hatukuondoa umanjano, tuliufunika kwa kinyume chake. Hata jina la rangi hiyo kwa wengi wetu lilikuwa kwanza jina la unga huo. Bendera ya taifa ina buluu, na tulifundishwa kwamba ni maji ya bahari, maziwa na mito, lakini mtoto wa nyanda za juu ambaye hajafika Matema wala pwani aliijua buluu vidoleni kabla hajaijua machoni.

Kwa hiyo kila jioni ninapokaa nje kutazama mlima Loleza, ulio juu ya mji wetu, nina milima miwili. Kwa jicho la kulia ni mlima wa kahawia, mzee, wenye joto, kama mkate uliotoka kuokwa. Kwa jicho la kushoto miteremko yake ya mbali inakwenda kwenye buluu na zambarau, na mikunjo yake inahesabika. Nimeichora yote miwili kwenye vipande viwili vya hadibodi vinavyolingana, nikavitundika ukutani. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliuliza upi ni wa kweli. Baba yake alimjibu haraka kwamba wa jicho jipya. Mimi sikumjibu. Sijui kwa nini jicho lenye lenzi iliyotengenezwa kiwandani ndilo lihesabiwe shahidi mkweli peke yake, hali nilimtazama mume wangu katika miaka yake ya mwisho kwa lile la zamani, au kwa mawili ya zamani.

Hilo ndilo lililonizuia nilipofika kwenye uso wake. Nguo hazikunipa shida; suti ilikuwa ya kijivu, naikumbuka, niliipiga pasi mimi. Lakini ngozi? Niliwauliza watoto. Mkubwa alisema, "Baba alikuwa maji ya kunde." Binti yangu akakataa katakata: "Baba alikuwa mweusi, Mama. Mweusi wa kung'aa." Wa mwisho, ambaye alikuwa na miaka kumi na mbili tulipomzika, alisema hakumbuki rangi, anakumbuka mikono.

Nikafanya kama lugha inavyoagiza. Nilinunua kunde nusu kilo sokoni, nikaziosha, nikazibandika jikoni. Kila baada ya dakika kumi nilichota maji kijiko kimoja, nikayamimina kwenye kikombe cheupe, nikavipanga vikombe dirishani. Mjukuu alikuwa mwandishi wangu wa saa. Kikombe cha kwanza kilikuwa karibu maji matupu. Cha tatu kilikuwa kama chai ya rangi iliyofifia. Cha sita kilikuwa kahawia yenye wekundu chini yake, na cha nane kilikuwa kizito kiasi cha kutoona chini ya kikombe. Nikatambua kwamba "maji ya kunde" si rangi moja. Waliotuachia msemo huo hawakutaja dakika. Tena inategemea kunde zenyewe: nilirudia baada ya siku mbili kwa kunde zilizokoza wekundu, na vikombe vyote vikasogea.

Niliwaita watoto waliokuwa karibu waje wachague kikombe, bila kusikilizana. Mwanangu mkubwa alichagua cha nne. Binti alichagua cha saba. Nilipowauliza wanamwona baba yao akiwa wapi, mkubwa alisema anamwona Iringa, ndani ya ofisi, amevaa tai. Yeye alizaliwa mwanzo mwanzo. Binti anamwona Mbeya, shambani Uyole, baada ya baba yao kuacha kazi ya ofisi akawa anashinda juani na viazi vyake. Wote wawili walikuwa na haki, na kati ya kikombe cha nne na cha saba ilikuwa imepita nusu saa ya moto.

Picha ni ya mwaka 1984, hivyo nilishika cha nne. Nilikipeleka kwa fundi kikiwa kimefunikwa kwa sahani, nikiwa nimekipakata kwenye daladala. Alikiangalia, akacheka kidogo, akasema hajawahi kuletewa mchuzi kama kipimo. Kisha akawa makini. Alianza na nyekundu na njano, akazishusha kwa buluu kidogo sana, akaongeza nyeupe kwa ncha ya kijiti. Tone moja likiwa juu ya sahani ya bati alilinganisha na kikombe, akatikisa kichwa, akaongeza njano. Mara ya tano akaniachia kijiti. "Maliza mwenyewe, Mwalimu. Mimi simjui mzee." Niliongeza wekundu kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilifumba jicho la kulia, nikatazama. Nikafumba la kushoto, nikatazama. Kwa jicho la zamani alikuwa amesogea kidogo kuelekea Uyole.

Nimeupaka upande wa uso unaopata mwanga: paji, shavu, nusu ya pua, na ule mfupa wa taya aliokuwa akiushikashika anaposoma gazeti. Binti yangu alipouona alisogea karibu sana na ubao, akakaa kimya, kisha akasema ni baba kabla hajawa wake. Sijui kama ilikuwa sifa.

Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Kabla ya siku hiyo nimepanga kwenda Iringa kutazama tena ile michoro ya Igeleke kwa macho haya mawili tofauti, kwani wekundu ndiyo rangi ambayo mpaka sasa macho yangu hayajagombana sana juu yake. Daftari langu la rangi nimelipitia lote kwa jicho la zamani peke yake, nikaandika kwa penseli kando ya kila kipande lile linavyokiona. Rangi 43. Upande wa kivuli wa uso wa mume wangu nimeuacha wazi. Fundi anataka niutie zambarau kama wa ukuta ule wa matofali. Mimi nimemwambia tusubiri. Kwa sasa pale pana ubao mtupu, hudhurungi kama hadibodi inavyotoka dukani.